Tablo ya maono: kupanga mwaka mahali ambapo makuta hayana tarehe

Bonane ikikaribia, kuna vikundi vya vijana na makanisa ndani ya Kolwezi ambako kazi ya makasi na gundi inaanza. Watu wanaleta karton, kalenda za zamani, magazeti na picha zilizotolewa kwenye labo. Wanakata, wanabandika, wanaandika na biki za rangi. Mwishoni kila mtu anarudi kwake na karton moja iliyojaa: nyumba ya ghorofa, jeep nyeusi, toga ya diploma, pete mbili za ndoa, ndege angani. Hiyo njo tablo ya maono.

Maana yake si ngumu. Ni karton au ubao ambao mtu anabandika picha na maneno ya mambo anayotaka kufikia, kisha anauweka mahali atauona kila siku, ili jicho likumbushe kichwa. Duniani tablo hizi zilijulikana sana kuanzia mwaka 2006, wakati filamu na kitabu cha The Secret, kazi ya Rhonda Byrne wa Australia, vilipotoka. Vilifundisha kwamba kitu unachokiwaza kwa nguvu kinavutwa kuja kwako. Makanisani wazo hili limepitia mlango mwingine: wahubiri wanakumbusha kwamba nabii Habakuki aliambiwa aandike maono yake juu ya vibao. Lakini kati ya nabii aliyeandika na kijana anayebandika jeep akingoja, kuna umbali mkubwa. Tablo nyingi zinaonyesha mtu amefika. Hazionyeshi barabara, wala bei ya safari. Na katika mji ambao makuta yanaingia leo na kukauka kesho, kosa hilo linakula watu zaidi kuliko kwingine.

Picha ukutani si mambo mapya

Katanga ilitundika ndoto zake ukutani kabla ya The Secret. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa kartiye walikuwa wanauzisha tablo zilizochorwa juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, na watumikaji wa migodi walizinunua kwa kupamba saloni. Anayejulikana zaidi leo ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 Élisabethville, Lubumbashi ya sasa, na aliyekuwa anachora hapa Kolwezi wakati mtafiti Johannes Fabian alipokutana naye mwaka 1973. Alimchorea Fabian historia ya nchi kwa picha zaidi ya 100.

Lakini tablo iliyopendwa sana katika saloni za zama zile ilikuwa ya mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Alikuwa picha ya utajiri. Wazee wanaokumbuka hadithi yake wanajua kitu kimoja ambacho tablo za leo zimesahau: mamba muntu hakutoa utajiri bule. Kulikuwa na masharti, kulikuwa na siri ya kutunza, na aliyevunja alipoteza. Mtu aliyekuwa anaangalia ile picha kila jioni akikula bukari alikuwa anaona mali na bei yake pamoja. Jeep ya kwenye karton haina masharti yoyote yaliyoandikwa chini yake, ingawa kila mtu anajua masharti yapo.

Wachunguzi wanasema nini

Mwaka 1999 Lien Pham na Shelley Taylor, wachunguzi wa chuo kikuu cha UCLA huko Marekani, walichukua wanafunzi waliokuwa wanangoja mtihani. Kundi moja liliambiwa kila siku lijione limepata alama nzuri, lina furaha. Kundi lingine lilijione linasoma: saa gani, wapi, kitabu gani, redio imezimwa. Hili la pili lilisoma zaidi na likapata alama za juu. Kujiona umefika kulisaidia kidogo kuliko kujiona unatembea.

Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia wa Ujerumani ambaye anafundisha pia New York, amefuata swali hilo kwa miaka mingi. Mwaka 2011, akiwa pamoja na Heather Kappes, alionyesha kwamba mtu akijaza kichwa na ndoto tamu, nguvu za mwili wake zinashuka, kana kwamba mwili umeamini kazi imekwisha. Hakusema watu waache kuota. Alisema baada ya ndoto, weka palepale kizuizi kilicho ndani yako mwenyewe, kisha andika utafanya nini kizuizi kikija. Mume wake, Peter Gollwitzer, ndiye aliyechunguza sana sentensi za namna ya “kama hivi, basi hivi”. Sentensi hizo zinaonekana za kitoto, lakini zinafanya kazi juu mtu anakuwa amekata shauri kabla ya jaribu kufika.

Kuna jambo lingine linalozunguka katika semina na mahubiri, nalo lifutwe hapa. Watu wanahadithia kwamba mwaka 1953 chuo kikuu cha Yale kiliuliza wanafunzi wake, asilimia 3 tu walikuwa wameandika malengo yao, na miaka 20 baadaye hao 3 walikuwa na mali kuliko wengine wote pamoja. Uchunguzi huo haukuwahi kufanyika. Waandishi wa habari waliutafuta, chuo chenyewe kikautafuta, hakuna karatasi hata moja. Kuandika lengo kunasaidia, ila hakuhitaji uongo.

Hapa mipango ilikuwa ya kampani

Ili kuelewa kwa nini kupanga mwaka kunasumbua watu wa huku, inabidi kurudi nyuma kidogo. Kolwezi ilianzishwa mwaka 1937 kama makao ya migodi ya magharibi ya Union Minière. Mtumikaji alipewa nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga. Baada ya serikali kuchukua migodi mwaka 1967, na jina kugeuka Gécamines, mambo yaliendelea vile kwa muda. Mtoto wa mtumikaji alijua atasoma wapi na pengine atatumika wapi. Tablo ya maono ilikuwa ofisini kwa kampani, si nyumbani.

Mwezi wa 9 mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Gécamines iliyokuwa inatoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980 ilianguka chini ya 50,000. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa “kuondoka kwa hiari”, uliolipiwa na Banki ya Dunia. Walipewa makuta kwa mkupuo mmoja, wengi wakiwa na madeni ya miezi na miezi bila mshahara. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kuandika juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo alikuwa ni kampani.

Wajukuu wa watumikaji hao njo wanaokata picha leo. Wengi wanaishi na kobalti, kwa kuchimba, kuosha, kubeba, kununua, au kwa kuuzisha chakula kwa wanaochimba. Na kobalti haina adabu ya mshahara. Mwanzo wa mwaka 2018 tani moja ilipita dola 90,000 kwenye soko la dunia. Katikati ya 2019 ilikuwa chini ya dola 30,000, na mwisho wa mwaka ule mgodi mkubwa wa Mutanda ukafungwa mpaka 2021. Tarehe 22 mwezi wa 2 mwaka 2025, bei ikiwa imelala chini kabisa, serikali ilisimamisha kutoa kobalti nje ya nchi kwa miezi 4, ikaongeza mingine 3, na kuanzia tarehe 16 mwezi wa 10 ikaweka kipimo cha tani kwa kila kampani. Bei ya dunia ilipanda zaidi ya mara mbili kabla ya mwaka kuisha. Mtu aliyeandika mwezi wa kwanza “mwezi wa 6 nanunua pikipiki” hakuweza kujua hata moja ya mambo hayo.

Basi swali halisi la tablo ya maono ya Kolwezi ni hili: unapanga namna gani kama hujui makuta yatakuja lini?

Kwa anayepata kidogo kila siku

Huyu ana bahati kuliko anavyofikiri. Mama wa unga, fundi wa nguo, kinyozi, mwenye moto-teksi, wote wanaweza kuhesabu kwa juma. Tuchukue mfano wa fundi mwanamke anayekodi mashine ya mtu, naye anataka yake. Tuseme mashine anayoitaka ni dola 180, na anaweza kutoa dola 5 kwa juma. Anahitaji majuma 36. Akianza juma la kwanza la mwezi wa kwanza, anaifikia mwanzoni mwa mwezi wa 9.

Hapo njo tablo inaanza kuwa na faida, juu ukibandika kalenda pembeni ya picha ya mashine, unaona mara moja kwamba masomo yanaanza mwanzoni mwa mwezi wa 9. Wazazi watakuwa wamekwisha kushonesha uniforme. Mashine itafika msimu umepita. Akitoa dola 6 badala ya 5, ni majuma 30, na mashine inaingia nyumbani mwisho wa mwezi wa 7, na wateja bado hawajaanza kuja. Dola moja kwa juma inamgeuzia mwaka. Picha ya mashine peke yake isingemwambia hivyo hata angeiangalia mpaka macho yaume.

Kwa hiyo kwenye karton yake kuna picha moja ya mashine, miraba 30 ya kujaza rangi, na sentensi za kizuizi. Zile sentensi kila mtu anaziandika kwa lugha ya nyumbani: “Kama banakuya kulomba ile makuta ya mashine, basi nitasema iko ku likelemba, haiko kwangu.” Na iwe kweli iko likelemba. Wanaofahamiana vizuri wanaweza kupanga zamu ya mtu kulingana na msimu wake, fundi apokee mwezi wa 7, mwenye mtoto wa sekondari apokee mwisho wa mwezi wa 8. Shule ya msingi ya serikali ni bila malipo tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, lakini sekondari bado inalipiwa, na tablo ya mzazi isiyo na minervali ndani yake ni mapambo tu.

Banki Lamberi ikae kwenye tablo pia, kama kizuizi. Mkopo ule wa mtu na mtu, wenye faida kubwa kila mwezi, unakula miraba yote 30 kwa ugonjwa mmoja wa mtoto. Anayeweka fungu dogo la matibabu pembeni kabla ya kuanza kujaza miraba ya mashine atachelewa kidogo, lakini mashine haitarudi kuuzishwa.

Kwa mchimbaji

Mchimbaji wa mkono, kreseri kama watu wanavyosema, akiiga tablo ya fundi atakata tamaa kwenye mwezi wa 3. Shimo linaweza kukaa majuma bila kutoa kitu, halafu siku moja depo inalipa. Siku hiyo kuna wenzake, kuna aliyegharimia shimo, kuna madeni ya chakula, na nganda iko njiani.

Kwake tarehe haifai. Kinachofaa ni mafungu na zamu. Kwenye karton anaandika: katika kila malipo, yawe madogo au makubwa, fungu gani linatoka kwanza. Tuseme ni 30 kwa kila 100. Dola 20 zikija, 6 zinatoka. 400 zikija, 120 zinatoka. Picha nazo zinapangwa kama ngazi, si kama maua: ya kwanza ikijaa ndipo ya pili inafunguliwa. Na sentensi yake ni moja, imeandikwa kubwa: “Kama depo inalipa, basi mbele ya kupita ku nganda nitatuma ile 30 kwa M-Pesa ya mama.” Anayoiandika akiwa hana makuta mfukoni ana akili zaidi kuliko yule atakayekuwa nayo siku ya depo, na kila kreseri anamjua huyo wa pili.

Ngazi ya kwanza mara nyingi inadharauliwa juu haina picha nzuri: karatasi. Sheria ya Migodi, iliyorekebishwa mwaka 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe mtu mzima, Mkongomani, ndani ya koperative iliyokubaliwa, na kadi inayodumu mwaka mmoja. Bila hiyo anaweza kufukuzwa wakati wowote, na mipango yote iliyo juu yake inafukuzwa naye. Ngazi ya mwisho nayo iandikwe: siku ya kuacha shimo, au kiasi cha kuacha. Shimo linaua. Wengi wanasema wataacha “kidogo tu nikipata”, lakini kiasi hakijaandikwa, na kila kikifikiwa kinasogea.

Picha ya parseli

Karibu kila tablo ina nyumba. Hapa ni vizuri kung’oa ile villa iliyokatwa gazetini na kuweka picha ya karatasi moja: hati ya uandikishaji, ile watu wanaita sertifika. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 1973, udongo wote ni wa serikali, na haki ya mtu juu yake inasimama kwa sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za nyumba na ardhi. Fishi ya komini na karatasi ya kuuziana iliyotiwa saini mbele ya chefu wa kartiye ni mwanzo tu wa njia. Mtu aliyebandika villa anaweka makuta kwenye matofali. Mtu aliyebandika sertifika anauliza kwanza parseli ile iko juu ya konsesyo ya nani.

Swali hilo halina mchezo Kolwezi. Kasulo ilikuwa kartiye ya watu kulala. Mwaka 2014 kobalti ilipoonekana chini ya nyumba moja, watu walichimba saloni na viwanja vyao, na mwaka 2017 sehemu ya kartiye ilihamishwa ili pafanywe eneo la uchimbaji. Sheria ya Migodi inamlazimisha mwenye haki ya mgodi alipe fidia kwa aliyekuwa anatumia ardhi. Anayekuja na karatasi na picha za nyumba anajadiliana. Anayekuja na mdomo tu anahesabiwa na wengine.

Itundikwe wapi

Si saloni. Mgeni akiona tablo ya pikipiki atajua kuna makuta yanakusanywa, na Kolwezi habari hiyo inafika kwa shangazi kabla ya jioni. Kuna sababu nyingine pia. Mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake waliona kwamba mtu akitangaza kwa watu jambo analotaka kuwa, na wakamsifu, anapunguza bidii, sifa zinashibisha. Upande mwingine, Gail Matthews wa chuo kikuu cha Dominican huko California aliona watu walioandika malengo na kumpelekea rafiki taarifa kila juma wanafika mbali zaidi. Mambo haya mawili hayapigani. Kutangaza kwa wengi ni kutafuta makofi; kuonyesha mtu mmoja atakayeuliza “ya juma hili iko wapi?” ni kazi. Kwa wengi mtu huyo ni yaya, au mama wa likelemba asiyecheka. Mume au bibi anafaa, kama tablo ilitengenezwa na wote wawili. Ya mmoja iliyofichwa mwingine inaleta ugomvi mahali pa maendeleo.

Ukubwa wa karton si neno. Upande wa ndani wa mlango wa kabati unatosha, au kurasa mbili za kayé. Picha tatu zinashinda picha 15. Kila mwisho wa mwezi inasomwa upya, na bei zinaandikwa tena, juu franka ikishuka au ikipanda mbele ya dola hesabu ya mwezi wa kwanza imekwisha kuharibika. Kitu kilichopitwa na wakati king’olewe bila haya. Na kwa wanaokaa karibu na konsesyo, tablo ipigwe picha na simu pamoja na karatasi za parseli, picha hizo zitumwe kwa ndugu mmoja anayeishi mji mwingine, Likasi au Lubumbashi, naye azitunze kwake.